Mgomo wa Mtu Mmoja

Posta ya soko letu, mbele kidogo ya Matinyani, ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu. Kwa hiyo watu wa posta walipogoma nchi nzima, huku kwetu aligoma mtu mmoja. Siku ya kwanza alifika saa mbili asubuhi kama kawaida, lakini badala ya kufungua mlango akaweka kigoda barazani, akakaa, tawi la mwarobaini mkononi na filimbi shingoni. Saa saba alienda kula. Saa nane alirudi kugoma. Saa kumi na moja akafagia baraza, akaenda zake nyumbani.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Vijana wa boda boda, ambao kituo chao kinatazamana na posta, walimpigia saluti kila walipopita. "Mama Posta, mko wangapi leo?" Naye alijibu bila kukasirika, "Tuko wote." Akina mama wa sokoni walimshauri alete nyuzi za mkonge asuke kiondo, asipoteze siku bure. Alikataa. "Niko kwa mgomo," aliwaambia. "Sijakaa tu."

Mimi nami nilicheka. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, kumi ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu, na katika miaka hiyo niligoma mara tatu. Nimetembea barabara za Kitui mjini na tawi kama lile, nikiimba mpaka sauti ikakauka, huku wazazi wakitutukana kandokando kwamba sisi ni wavivu tunaokula jasho la watoto. Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu sokoni pale aliyejua maana ya lile tawi, ni mimi. Nilicheka hata hivyo. Nitaeleza kwa nini, na sielezi ili nionewe huruma.

Kila mtu alikuwa na maoni yake. Muuza mboga aliye karibu na kisima alisema walimu wakigoma watoto wanakaa nyumbani, madaktari wakigoma tunazika, sasa hawa wa posta wakigoma sisi tutajuaje? Kijana mmoja wa boda alisema yeye barua huziona kwa sinema tu. Chifu alisema serikali ina mambo mengi. Aliyewatetea alikuwa mmoja, mzee wa duka la jumla, mtu wa Garissa aliyehamia kwetu na familia yake miaka mingi iliyopita. Ndiye aliyempelekea Mama Posta kiti chenye mgongo badala ya kile kigoda, na kila siku saa nne asubuhi mkewe alimtumia kikombe cha chai yenye iliki.

"Huyu mtu amefanya kazi miezi mingi hajalipwa," alituambia siku moja dukani kwake, akipima sukari. "Halafu nyinyi mnauliza kama kazi yake iko na maana. Alifanya ama hakufanya? Sisi kwa dini yetu tunaambiwa, mlipe mtu kabla jasho lake halijakauka. Haijasema jasho la kazi gani."

Nilimwambia, "Wewe unatetea tu kwa sababu ananunua mkate kwako." Watu wakacheka tena. Nina mdomo, na mdomo wangu umezoea kuchekesha. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Ili nieleweke lazima nirudi nyuma kidogo. Kwetu barua haikuwa siri ya mtu. Kijiji kizima kilitumia sanduku moja, la shule. Mtu akiulizwa anwani yake alitoa sanduku la shule, hata kama hakuwahi kukanyaga darasani. Ufunguo ulikaa kwa mwalimu mkuu. Mara mbili kwa wiki mwalimu wa zamu alienda posta, akarudi na barua, akazimwaga juu ya meza katika chumba cha walimu, na kila aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi alizipitia. Huyu kaandikiwa na benki. Huyu na korti. Huyu mtoto wake amepata chuo. Kisha wanafunzi walizipeleka nyumbani, na mara nyingi habari ilikuwa imetangulia. Nami nilikuwa hodari wa kugeuza bahasha kuliko wote. Nilijua nani ameshtakiwa kabla mwenyewe hajajua.

Sasa, miaka minne kabla ya mgomo huo, nikiwa nimeshastaafu, mwanangu wa mwisho alimpiga mtu kwa chupa katika baa moja huko Mlolongo. Yule mtu alipoteza jicho. Mwanangu alifungwa miaka tisa. Alifanya, sitamtetea hapa. Alipelekwa gereza la mbali, na Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa akina mama kanisani aliponiuliza kijana siku hizi yuko wapi, kabla sijafikiri nilisema, "Amepata kazi Qatar."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kwa bidii. Akina mama walinipongeza. Mchungaji alimwombea safari njema. Watu walinijia na vyeti vya watoto wao, nimwambie awatafutie nafasi. Nimewahi kuulizwa hali ya hewa ya Doha mbele ya watu, nikaijibu vizuri sana, na joto lake na vumbi lake. Kumtembelea huko gerezani sikwenda hata mara moja. Nilijiambia ni mbali, magoti yanauma, mume wangu alishafariki na hakuna wa kunisindikiza. Ukweli ni kwamba niliogopa nitakuwa nimesimama kwenye foleni ya gereza, nigeuke, nione mtu wa kwetu.

Lakini yeye aliandika. Aliandika kwa karatasi, kwa mwandiko ule ule niliomfundisha mimi, na alitumia anwani pekee aliyoijua tangu utotoni, sanduku la shule. Barua ile ya kwanza ilipaswa kuanguka juu ya ile meza, muhuri wa gereza ukiwa umegongwa mbele ya bahasha, katikati ya walimu niliowasimamia, niliowasimanga na niliowafundisha kugeuza bahasha.

Haikuanguka. Siku hiyo nilikuwa napita posta na mboga zangu, Mama Posta akaniita dirishani. "Mwalimu, gazeti lako limefika." Sikuwa nimeagiza gazeti. Alinisukumia gazeti kuukuu lililokunjwa vizuri, kisha akageuka upande na kumwita mteja aliyefuata. Nililifungua nyumbani, jikoni, mlango nikiwa nimeufunga. Ndani yake kulikuwa na barua ya mwanangu.

Kesho yake nilirudi nikiwa na mdomo mzito, sijui nitaanzia wapi. Aliniangalia tu, akasema, "Mwalimu, nikupe stempu ngapi?" Nikasema moja. Mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo, kila mwezi, kabla hajafunga barua za shule pamoja, aliitoa yangu, akaikunjia gazeti na kuiweka chini ya kaunta mpaka nipite. Majibu yangu aliyapokea yakiwa yamegeuzwa anwani chini, akayagonga muhuri bila kuyageuza, akayatia guniani mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yangu ilikuwa mwanamke wa Mbooni, huko Makueni, niliyemzidi umri kwa miaka ishirini, aliyepanga chumba nyuma ya kinu cha unga na kwenda kwao kila mwisho wa mwezi. Hatukuwahi hata kunywa chai pamoja. Kwa miaka minne hakuniuliza neno.

Halafu akagoma. Barua ya mwisho kabla ya mgomo ilisema kwamba mwanangu anakohoa, anatoka jasho akilala, na kwamba atapelekwa kupimwa kifua. Kisha kimya. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wengine wote sokoni walikuwa wakisema mgomo huu haumuumizi mtu, na mimi ambaye uliniumiza sikuweza kufungua kinywa. Usiniulize kwa nini hasira yangu haikwenda kwa waliomnyima mshahara wake. Hao sikuwaona. Niliyemwona kila siku ni yeye, amekaa barazani na filimbi yake, na nyuma yake mlango umefungwa. Nilimchukia. Nilimchukia kama vile kikohozi kile amekileta yeye.

Katika mwezi wa tatu, siku moja nilipopita, alisimama. "Mwalimu," aliniita, "subiri kidogo." Nilijifanya sisikii. Siku ya pili yake akaniita tena, nami nikavuka barabara, nikaingia kwa muuza nyanya nikaanza kubonyeza nyanya ambazo sikuwa na haja nazo. Nilifikiri anataka niweke sahihi kwenye karatasi zao za mgomo. Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mwenye macho makali kuliko askari, aliniambia tukitoka kanisani, "Mwalimu, kwani siku hizi husomi gazeti? Zamani nilikuwa nakuona nalo kila mwezi ukitoka posta." Alitabasamu. Sijui kama kulikuwa na kitu katika tabasamu lile. Mwenye siri huona mitego hata palipo na nyasi tu.

Mgomo uliisha kwa makubaliano huko Nairobi, lakini makubaliano yenyewe yalikuja na mkia. Matawi yasiyo na kazi yangefungwa, na kabla ya kufungwa wananchi wangeulizwa maoni yao. Ofisa alikuja kwetu Alhamisi moja. Likasimamishwa hema katika uwanja wa chifu, vikapangwa viti vya plastiki, na kreti za soda zikawekwa mahali pa kuonekana, maana bila soda maoni hayatoki. Mama Posta alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu waje waseme. Kwangu hakuja. Nadhani aliona si lazima.

Ofisa alikuwa kijana mwenye adabu, hana ubaya. "Mambo ni mawili," alisema. "Tawi hili libaki, ama liunganishwe na la Kitui mjini. Likibaki, huyu mama anabaki na kazi yake. Likifungwa, sina mahali pengine pa kumweka. Tumekuja kusikia wananchi." Kisha akauliza ni nani aliyepata shida kwa sababu ya mgomo, ainue mkono. Haukuinuka mkono hata mmoja. Mzee wa duka la jumla ndiye aliyesimama hatimaye, akasema soko bila posta ni kama nyumba bila mlango wa nyuma, unaona hauna maana mpaka siku ya moto. Mtu akamjibu kutoka nyuma, "Wewe si wa huku." Akakaa chini.

Chifu akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye ulishika ufunguo wa sanduku miaka yote ile. Barua zetu zote zilipita kwako. Tuambie."

Nilisimama. Mama Posta alikuwa ameketi kwenye safu ya mbele upande wa kulia, mkoba wake mapajani, na niliposimama uso wake ulilegea kama wa mtu aliyeona gari lake linakuja. Nyuma yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Nilihisi macho yake mgongoni. Kusema kweli kungehitaji maneno machache tu. Ningeweza kusema naitumia posta hii kila mwezi na nikakaa, bila kutaja mtu. Lakini wangeuliza, unaandikiwa na nani? Na kutoka Qatar hakuna anayetuma barua.

"Nawaambia ukweli," nilisema. "Tangu nistaafu, sijapokea barua hata moja kwa hii posta. Hata moja. Hawa watu wagome mpaka Yesu arudi, hakuna atakayejua."

Hema lilipasuka kwa kicheko. Vijana walipiga miluzi. Hata ofisa alicheka kidogo, kisha akainama akaandika. Miaka yote nimezoea kusikia sauti yangu ikifanya kazi katika chumba, na niliisikia ikifanya kazi pale. Nikaketi. Moyoni, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilijisikia salama.

Ofisa akamwuliza, "Mama, uko na la kujibu?"

Alisimama, mkoba ameukumbatia kifuani. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni, bila hasira, ukitafuta namna ya kumfunika. "Sina la kuongeza," alisema. "Mwalimu ameshasema."

Tulipopanga foleni ya soda alikuja akasimama kando yangu. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa hatua mbili mbele. "Mwalimu," Mama Posta akasema kwa sauti ile ile ya dirishani, "gazeti lako." Akalitoa kwenye mkoba aliokuwa ameukumbatia muda wote wa mkutano. Nililipokea haraka nikalitia kwapani. Sikumshukuru. Nilisema kwa sauti ili nisikike, "Aa, hilo la juzi," nikanyoosha mkono nikachukua soda.

Ndani yake kulikuwa na barua tatu. Mwanangu alikuwa amepimwa, kifua kilikuwa safi, dawa zilimfaa, kikohozi kimekwisha. Hayo yote yalikuwa katika barua ya kwanza. Ya tatu ilikuwa fupi. "Mama, umenyamaza. Umechoka nami?"

Aliyenieleza zilivyopatikana ni mzee wa duka, baadaye, wala hakujua ananieleza nini. Alidhani ananisimulia tu ugumu wa yule mama. Alisema wiki moja kabla ya mgomo kuisha Mama Posta alienda Kitui mjini, akawaomba wenzake wamruhusu kuingia stoo kupekua magunia, ambayo magari ya kukodi yaliendelea kuyaleta bila mtu wa kuyafungua, kwa ajili ya mteja mmoja. Walimtukana. Walimwita msaliti, wakamuuliza ni mteja gani huyo anayestahili kuvunjiwa mgomo. Hakusema. Walipochoka kumtukana walimwachia mlango, akapekua magunia mchana kutwa. Nilipiga hesabu ya siku. Alipokuwa akiniita barazani, "Mwalimu, subiri kidogo," barua zangu zilikuwa tayari ndani ya mkoba wake. Na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nikibonyeza nyanya.

Wahenga wana neno lao, shukrani ya punda ni mateke. Naona wamemwonea punda.

Tawi lilifungwa kabla ya mvua za vuli, nami nikamwandikia mwanangu asitume tena barua kwa sanduku la shule mpaka nimwambie. Barua ya kumwachisha kazi ilifika kwa posta yake mwenyewe, ndani ya gunia pamoja na nyingine. Mzee wa duka alikuwepo. Alisema Mama Posta aliigonga muhuri wa kufika, akaiweka kando, akamaliza kuzipanga zile za watu, ndipo akaifungua. Siku aliyoondoka nilikaa ndani nikasema naumwa. Nyumba ile sasa ni duka la dawa za mifugo. Wale waliocheka ndio wakaja kulalamika baadaye, huyu cheti chake kimekwama Kitui, yule fomu za pensheni zimemfikia zikiwa zimepitwa na wakati, na vijana wa saluti vipuri walivyoagiza havijulikani viliko. Wakasema serikali imetusahau.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kwenda Mbooni. Nilibeba sukari, majani ya chai na unga wa ngano, maana mgeni haendi mikono mitupu, na mimi hasa nilihitaji kitu cha kushika. Kutoka barabarani nilipanda boda boda, tukapanda kilima mpaka nikavaa sweta mchana. Nilimkuta uani kwake akichambua maharagwe na mama mkwe wake. Alisimama haraka, akanifutia kiti kwa leso.

"Wi museo, mwaitu?" alinisalimu. Yaani hujambo, mama yetu, kwa Kikamba. Kitui alikuwa akiniita Mwalimu siku zote, lakini nyumbani kwake aliniita mama. Akamwambia mama mkwe, "Huyu ndiye mwalimu wangu wa Kitui. Alikuwa mteja wangu mzuri sana."

Tulikunywa chai. Njiani kote nilikuwa nimejipanga, kwa hiyo nilipoweka kikombe chini nilisema, "Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha."

Mama mkwe aliinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Kwani ulimfanyia nini?"

Swali la haki kabisa. Mwanamke yule alikuwa hanijui, hajui kijiji changu wala kanisa langu, hana mtu wa kumpelekea habari zangu. Ningemwambia yote bila kupoteza kitu. Nilifungua kinywa.

"Alipoondoka," nilisema, "sikuja kumuaga."

"Ni kweli," Mama Posta akadakia upesi, akimsogezea mama mkwe maharagwe mengine. "Hakuniaga. Nilisikia vibaya kidogo." Akacheka. Mama mkwe naye akacheka, akasema watu wa Kitui hawajui kuagana, ni jua linawaharakisha.

Alinisindikiza kuteremka hadi barabarani. Njia ilikuwa ya mawe, akanishika mkono kwenye miteremko. Nilikuwa nalia wakati huo, kilio cha kizee kisicho na sauti, na nikamwambia hayo yote niliyoshindwa kuyasema kwenye kiti. Hema, Qatar, mwenyekiti wa akina mama, nyanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaitu, mimi nilikusamehe," alisema. "Singeweza kukaa na hiyo uchungu, niko na watoto wa kulisha. Sitakudanganya, pale kwa hema nilitaka kusema. Barua zilikuwa hapa kwa mkoba, ningezitoa tu niwaonyeshe. Nikaona hapana, si zangu." Tulitembea kidogo. "Lakini kijana je? Umemwambia ulisimama mbele ya watu ukasema hajawahi kukuandikia?"

Katika mwaka mzima wa kujilaumu kwa ajili yake, hilo halikunipitia akilini hata siku moja. Nilidhani niliyemkosea ni mmoja.

Niliiandika barua ile kwa wiki mbili. Nimeandika ripoti za shule nzima kwa siku moja, lakini ile nilichana kurasa kuliko nilizobakisha. Mwishowe nilimwambia kila kitu, pamoja na yale maneno yenyewe ya Yesu kurudi na jinsi watu walivyocheka. Nilimwambia nilivyomtuma Qatar bila yeye kujua. Sikumpa sababu. Nilimwambia sasa aanze tena kuandika, lakini kwa jina langu, barua inisubiri dirishani Kitui mjini. Kisha nikawa naenda kila Jumatatu. Jumatatu ya nne mhudumu alinipa bahasha juu ya kaunta, muhuri wa gereza ukitazama juu, kila mtu akiuona. Hakuikunjia kitu. Kwa nini aikunjie?

Niliifungua pale pale, sikuweza kusubiri.

"Mama, nimesoma yote," aliandika. "Usilie sana. Na mimi niko na langu. Hapa wenzangu wanatembelewa, na walikuwa wananiuliza kila mara, mbona mama yako haji? Mwaka wa pili nikachoka kuulizwa, nikawaambia ulishafariki. Walinifanyia maombi, wakanichangia sabuni. Kwa hiyo siku ukija, jua watashtuka."

Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yangu alikuwa kijana mwenye kifurushi. Aliona uso wangu.

"Susu," aliniuliza kwa upole, akiniita bibi kama mjukuu wangu, "kuna mtu amekufa?"

"Hapana," nikasema. "Ni barua ya kijana yangu. Yuko jela."

Ni mara ya kwanza niliyatamka maneno hayo mbele ya watu. Nilisubiri foleni yote igeuke. Kijana aliniambia pole, kisha akaniomba nisogee kidogo, zamu yake ilikuwa imefika.